Mashati Manne ya Kola Hadi Kulesa

Mama alinituma Garsen kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kupatana. Nimeuza mitumba soko la Malindi miaka kumi na tisa, na mtu akishashika nguo kwenye kibanda changu, mara nyingi huondoka nayo. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba waumini wanataka kumwandikia askofu amwondoe mdogo wangu Karisa, mama hakuuliza kama nina nafasi. Alisema, "Sidi, nenda ukaseme nao. Mdomo unao."

Karisa ni padri. Kosa lake, kama katekista alivyotusimulia kwa simu, lilikuwa la nguo. Alikuwa na miezi mitano tu Garsen, na Jumatatu ndiyo siku yake ya mapumziko. Siku hiyo havai kola. Jumatatu moja alikuwa zahanati akisubiri kupimwa malaria, amevaa jezi ya mpira na kikoi, na mkulima mmoja wa Kulesa akaletwa, ameumwa na mamba. Mkulima yule alikuwa Mkatoliki. Mkewe alikimbia hadi nyumba ya mapadri kutafuta wa kumpaka mumewe mafuta ya wagonjwa, akaambiwa Padri ametoka. Aliporudi zahanati, mume alikuwa ameshakata roho. Padri muda wote huo alikuwa palepale. Hakuna aliyemjua, kwa sababu maji ya mto Tana yalikuwa yamekata njia na Kulesa alikuwa hajawahi kufika.

Mjane alipoambiwa yule wa jezi alikuwa nani, alikataa asimzikie mumewe. Katekista akazika. Wazee wa parokia nao wakatoa muda: mpaka Jumapili mjane asipokubali kumpokea, barua inaondoka.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la kwenda Lamu nikiwa na mfuko mmoja. Ndani mlikuwa na leso, sukari kilo mbili, na mashati manne ya kola ya kipadri: meusi mawili, ya kijivu mawili. Niliyachagua mwenyewe kwenye belo la mitumba, fundi akabadilisha shingo. Niliyahesabu nyumbani, nikayahesabu tena garini. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: mteja amelalamikia bidhaa, mpelekee bidhaa nyingine.

Baada ya Gongoni nchi ilifunguka, chumvi nyeupe upande mmoja, vichaka vya miiba upande mwingine. Vizuizi vya polisi vilikuwa vinne. Katika kila kimoja tulishuka, tukapanga mstari, tukatoa vitambulisho. Askari husoma jina, hukutazama uso, husoma jina tena kana kwamba umeliazima kwa mtu. Kizuizi cha tatu kijana mmoja aliwekwa kando, akarudishwa baada ya dakika kumi na mbili. Alikaa kimya mpaka Minjila, na sisi tukamsaidia kukaa kimya.

Saa nne na nusu tuliingia Garsen. Mafuriko yalikuwa yameshuka na kuacha matope ya kijivu yaliyokauka hadi nusu ya kuta. Karisa alinipokea stendi kwa fulana ya bluu. Alikuwa amekonda. Nilimpa mfuko hapohapo. Akachungulia, akaufunga.

"Dada, nikivaa leo itakuwa naigiza."

"Igiza basi. Mimi nimelipa fundi."

Hakucheka. Kumchekesha Karisa ilikuwa kazi rahisi kuliko zote nyumbani kwetu.

Alasiri alinipeleka kwenye mgahawa wa chai anakokaa kila siku. Rafiki yake alikuwa amekwisha kutuwekea nafasi: Guyo, Muorma mwenye ng'ombe, ndevu nyekundu za hina. Alinisalimu bila kuniuliza jina. Nilikuwa "dada ya Karisa", ikatosha.

"Dada ya Karisa, huyu ndugu yako bure kabisa," aliniambia. "Mimi nafundisha yeye kujua ng'ombe mgonjwa, miezi tano sasa. Mpaka leo anaangalia pembe."

"Pembe ndizo zinazoonekana," Karisa akasema.

Nikaona mlango. "Guyo, akikaa hapa na kola yake shingoni, wewe utaona nini?"

Alifikiri huku akikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Nitaona mtu ya kazi. Mtu ya kazi nasalimia vizuri, naheshimu, naenda. Huyu sasa nakaa na yeye."

Guyo alipoondoka kuswali, tulibishana mimi na mdogo wangu. Alisema kola inafika kabla ya mtu. Kwamba akiivaa, wenzake hawa wanapunguza sauti, wanaacha mzaha, na siku kukiwa na ugomvi wa malisho hakuna wa kumwambia mapema. Kwamba njia niliyopita asubuhi, watu wamewahi kushushwa garini na kuulizwa dini yao, na yeye si jasiri wa kiasi hicho. Kwamba hata daktari huvua koti.

"Daktari akivua koti mgonjwa hapotezi mbingu," nilisema.

"Unadhani sijui?"

"Mimi nasema wavalie wale wasiokujua. Wanaokujua hawahitaji. Yule mama alikuwa na muda wa kukutazama mara moja tu."

Alinyamaza. Kwangu mnunuzi akinyamaza, bei imekaribia. Nikaacha.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alitoka chumbani na shati la kijivu. Lilimkaa sawasawa mabegani, ingawa shingo yake ilikuwa imenywea ndani ya kola. Tulipita mgahawani kuchukua mandazi. Guyo aliinuka, akampa mkono kwa mikono miwili, kitu ambacho jana hakukifanya.

"Leo kazi," alisema.

"Leo kazi," Karisa akajibu.

Hakuvutiwa kiti. Hatukuwa na nia ya kukaa, lakini niliona kwamba hakuvutiwa, na Karisa aliona kwamba nimeona.

Njia ya Kulesa tuliipita kwa pikipiki mbili, katekista akiwa ametangulia kwa baiskeli tangu alfajiri. Matope yalikuwa yamepasuka vipande kama sahani. Migomba ilikuwa imelala upande mmoja yote, kama watu walioangukia kifudifudi. Dereva wangu alinionyesha mahali mashamba yalipokuwa. Sasa palikuwa mto. Yule mkulima, alisema, alikwenda kuokoa mahindi yaliyobaki ukingoni, na mamba siku hizi wanalala ndani ya mashamba kama wenye hati.

Saa nne tulibisha hodi kwa Mama Elisha, yule mjane. Katekista alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kofia mapajani. Mjane alikuwa anapepeta mchele kwa ungo. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba, mwanangu" bila kuacha kupepeta. Karisa alimwamkia. Akaacha.

"Leo umevaa," alisema.

"Nimevaa, mama."

Akatuonyesha mkeka. Nikaanza kazi yangu. Nilitoa pole, nikatoa leso na sukari, nikasema mdogo wangu ni kijana, amekosa, amejifunza. Nikasema kuanzia leo atavaa kola siku saba, Jumatatu ikiwemo, na kama manne hayatoshi nitaleta mengine. Nilisema vizuri, nadhani. Kwa maneno hayo nimewahi kuuza koti la baridi mwezi wa pili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ile leso na ile sukari, akaziweka tena mapajani mwangu, taratibu.

"Mimi sinunui, mwanangu. Nataka kumuuliza yeye."

Karisa akasogea mbele kwenye mkeka.

"Nesi aliniambia kuna mtu wa jezi aliyemshika mume wangu miguu kumtoa kwenye pikipiki. Akamfunika. Akakaa naye. Nani huyo?"

"Mimi, mama."

Katekista aliinua kichwa. Mimi pia. Wiki tatu tumemsema, kwenye simu na mezani, na hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Kwa hiyo hukuwa mbali."

"Sikuwa mbali. Alifariki nimemshika mkono."

"Na mafuta yako?"

"Yalikuwa mfukoni. Huwa natembea nayo." Alikuwa anaongea akitazama ungo. "Mama, alikuwa na kofia ya mkono, ile ya kuswalia. Waliomleta kwa pikipiki walikuwa Waislamu, walimsomea dua yao. Nikajua ni mwenzao. Nikasema nisiwaingilie wenyewe kwenye msiba wao. Nilimwombea moyoni."

"Kofia ilikuwa ya jua," mjane alisema. "Utosi wake ulikuwa umeanza kuota vidonda kwa jua. Niliinunua mimi." Akainua macho kwa Karisa. "Hukumuuliza jina?"

Hilo ndilo swali lililotuleta Kulesa, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Katekista ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Mama Elisha, hapa kwetu nani anamuuliza mtu jina?"

Nilihitaji muda kuelewa, mimi wa Malindi. Tangu wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma walipopigana, watu wa huku wana adabu yao. Mgeni unamwita mzee, mama, kijana, ndugu. Jina huliulizi, kwa sababu jina likishatoka linatoka na kabila, dini na upande wa mto. Askari wa vizuizi vya barabarani wanauliza. Wale waliosimamisha magari waliuliza. Muungwana hauliziulizi. Karisa alikuwa amefundishwa adabu hiyo wiki yake ya kwanza, akajivunia kuishika upesi. Siku ile aliishika vizuri mno.

Mjane alikuwa amekunja mikono juu ya ungo.

"Mimi pia sikuuliza," alisema. "Nilipokuwa natoka kuja kwako, nilimkuta kijana wa jezi amekaa mlangoni. Nikamwambia, kijana, niangalizie mume wangu, narudi sasa hivi. Akaniambia, sawa mama. Sikumwambia naenda wapi. Ningemwambia nini kijana wa jezi?"

"Nilikusikia," Karisa alisema. "Ndiyo maana nilikaa."

Kuku walikuja kwenye mchele uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Niliwahesabu. Walikuwa saba, na nilipohesabu tena walikuwa saba.

Kisha Mama Elisha akamgeukia katekista. "Barua yenu msiiandike kwa sababu yangu." Na kwa Karisa: "Alibatizwa Petro. Petro Maro. Jumapili umtaje, wewe mwenyewe."

Ningeishia hapo. Lakini mdomo uliozoea soko haujui kuacha. "Na wewe utakuja, mama?"

"Usinisukume, mwanangu."

Alitusindikiza mpaka kwenye pikipiki, kama inavyopasa. Mkono alinipa mimi na katekista. Kwa Karisa aliinamisha kichwa tu, kidogo.

Jumapili kanisa la Garsen lilijaa kiasi. Nilikaa nyuma nikahesabu benchi za akina mama, halafu nikahesabu tena kwa kuwa leso zinafanana. Hakuwepo. Kwenye maombi ya marehemu Karisa alitaja majina matatu. Alipofika la Petro Maro, alilitaja, akasimama, tukadhani amesahau linalofuata. Hakuwa na linalofuata. Baada ya misa katekista aliniambia barua haikuandikwa. Nikauliza kama kuna siku itaandikwa. Akasema wazee wameiweka. Hakusema wameitupa.

Jumatatu Karisa alinisindikiza stendi, kola shingoni, siku yake ya mapumziko. Tulisimamishwa mara tano kabla ya kufika: wawili walitaka kuombewa, mmoja karo, mmoja kibali cha ndoa, mmoja alitaka tu kuona kama ni kweli. Mgahawani kwa Guyo kiti cha Karisa kilikuwa kimekaliwa na mtu mwingine. Guyo aliinua mkono kwa heshima. Karisa akainua wake.

Karibu na basi pikipiki ilikuwa imemshusha mzee mwenye homa, anatetemeka. Karisa akaenda, akainama.

"Mzee, mimi naitwa Karisa, padri. Wewe waitwa nani?"

Mzee alitazama kola, akatazama pembeni. Mwanawe ndiye aliyejibu: "Jina la nini, Fadha? Tusaidie kubeba tu."

Akabeba. Niliwaona kupitia dirishani mpaka basi lilipokata kona.

Niliondoka Malindi nikiamini kwamba nguo ingemaliza maneno. Bado nasema padri avae kola, hata akienda kununua sabuni, kwa ajili ya yule mwenye haraka asiyemjua. Nimemwambia hivyo Karisa, na mashati anayo yote manne. Lakini kola inamtangaza aliyeivaa tu. Jina la aliyelala mbele yake haikuambii, na huko Tana kuliuliza kuna gharama yake, na kutoliuliza nimeona gharama yake pia.

Jioni ya Jumatatu nilimkuta mama uani na rozari yake. Akaniuliza kama Karisa atabaki. Nikasema kwa sasa atabaki. Akauliza kama yule mama amemsamehe.

"Hajasema," nilijibu. "Ametupa jina la mumewe."

"Nani?"

"Petro Maro."

Alinitaka nilirudie, nikalirudia. Kila jioni mama huwataja marehemu wetu, kuanzia babu mpaka mtoto wake wa tatu aliyezaliwa bila pumzi. Siku ile aliwataja wote kama kawaida, na baada ya yule mtoto akamwongeza Petro Maro.