Mfanyabiashara wa Manzese Mlangoni pa Sumaku

Siku niliyoanza kazi chumba cha MRI tulikuwa watatu. Alikuwepo Sista Perpetua Komba, muuguzi mkuu wa kitengo, mtu wa Songea. Alikuwepo Idrisa, mtaalamu wa picha, mtoto wa shoga yangu Bi Zuhura wa Tandika; nilimjua tangu anatambaa, lakini kazini nilimwita Mkuu. Wa tatu mie, mhudumu, darasa la nne, nimetolewa kupiga deki wodi ya wazazi.

Sista akanikalisha mlangoni. "Bi Asha, mashine hii haina mionzi kama eksirei. Ni sumaku, tena haizimwi hata sie tukienda kulala. Kazi yako moja: chuma kisipite."

Basi nikawa wa kuwavua watu hereni, vipini, pini za mtandio, mikanda. Niliwaulizaga kama wana kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini. Kisha nawaeleza, maana wengi walikuja wanatetemeka. Utalala chali kwenye kitanda kinachoingia ndani ya mashine. Haiumi. Itagonga kama mafundi wanaezeka bati juu yako, ndiyo maana tunakuziba masikio. Usitikisike, picha itaharibika. Nusu saa hivi, pengine zaidi. Mkononi utashika kimpira. Ukizidiwa kibinye, tutakutoa. Wengine huchomwa sindano ya dawa ili picha ionekane vizuri.

Sasa Gaudensi. Alikuja na mkewe Neema kutoka Manzese, kavaa shati la kanisani. Mgongo ulimkamata, mguu unakufa ganzi, na daktari alitaka picha kabla ya kumpasua. Zamu hiyo aliingoja wiki kadhaa.

"Kazi yako, baba?"

"Mfanyabiashara."

Mjini hapa nani si mfanyabiashara? Nikatia alama kwenye fomu, nikampa gauni la hospitali. Alipotoka kubadilisha, mikono wazi, nikaona vidoa vyeupe kama punje za mtama, toka kiwiko mpaka kiganja. Marehemu mume wangu, Salum, alikuwa navyo vilevile. Ni cheche za kuchomelea.

"Biashara gani, baba?"

"Mageti, bibi."

"Unayauza au unayachomelea?"

Neema akacheka. "Huyu fundi, bibi. Akifika hospitali ndo anakuwa tajiri."

"Nilikuwa fundi," akasema Gaudensi. "Siku hizi nasimamia tu."

"Jicho halijawahi kuingiwa na chuma?"

"Zamani. Kilitoka chenyewe."

Idrisa alikuwa ameshafungua mlango. Nikasimama katikati.

"Mkuu, huyu asiingie. Apigwe kwanza eksirei ya macho."

"Bi Asha, foleni unaiona."

"Naiona. Asiingie."

Gaudensi akanigeukia kwa hasira. "Bibi, mguu wangu unakufa, wewe unanihoji makovu?"

Sikubanduka mlangoni. Sista akaitwa, akaagiza eksirei, na eksirei ikaonyesha kipande ndani ya jicho, kidogo kama ncha ya sindano. Sista akamweleza kwamba sumaku ingekivuta, na jicho pengine lingepofuka palepale. Gaudensi akakaa sakafuni na lile gauni lake. Mgongo wakampiga CT, mashine nyingine isiyo na sumaku. Haikutoa picha safi kama yetu, ila daktari alisema inatosha. Akapasuliwa, akatembea.

Sista hakunisifu. Alisema tu, "Kuanzia leo, mtu akikwambia mfanyabiashara, muulize anauza nini, na kabla ya hapo alifanya nini." Nikauliza hivyo mpaka nastaafu.

Sasa nipo Chamazi kwa binti yangu. Mchana wa jua kali naukumbuka ubaridi wa kile chumba, na Sista akipita na viatu vyake visivyo na sauti. Nyie mtakaoitwa kupiga MRI, semeni kazi zenu zote, hata mlizoziacha. Anayewauliza hapimi hadhi yenu.

Majina siyasahau, ila mambo mengine huniponyoka. Gaudensi, au Neema, mkisoma hapa mnirekebishe: sikumbuki kama lilikuwa jicho la kulia au la kushoto. Siku ile unaondoka, baba, uliniangalia kwa yote mawili.