Kufuta Rangi, Giheke hadi Gitambi

Niliondoka Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, mwishoni mwa Septemba nikiwa na brashi ya waya, chupa ya petroli na aibu. Wiki tatu kabla nilikuwa nimepita njia hiyohiyo na mkebe wa rangi nyekundu, nikipaka mistari kwenye mawe ili wageni wa baiskeli wasipotee. Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli na kuongoza watu wanaopenda kuziendesha pasipo na magari. Wanatoka Kigali, wengine Ulaya, na wote huomba kitu kimoja: changarawe, vilima, na honi isisikike. Njia hiyo niliitafuta mwenyewe miezi mingi, kijia kwa kijia, na nilipoikamilisha nilijiona bingwa.

Habari ililetwa na Deo, mfanyabiashara wa Bukavu anayevuka daraja la Rusizi ya Pili karibu kila siku kununua parachichi na maharagwe upande wetu. Alisimama mlangoni mwa karakana, hata kukaa hakukaa, akaniita kwa jina la binti yangu kama kawaida.

"Papa Sandra, njo weye ulipakala rangi ku mawe ya kule Gitambi?"

"Njo miye," nilimjibu kwa Kiswahili cha kwao, yaani ndiye mimi.

"Bon. Kuko maman moya kule, Maman Vestine. Anakataa kupanda. Anasema barabara ya magari itapita mu shamba yake. Bengine banapanda, yeye anaangalia tu. Na mvua ilianza deja."

Kwa watu wa vilimani, rangi nyekundu kwenye jiwe la mpakani ina habari yake. Wapimaji wamepita, barabara inapanuliwa, usipande kitakachong'olewa. Nami nalijua hilo vizuri, maana ukuta wa baba yangu ulipakwa hivyo kabla haujavunjwa. Lakini siku ile nilikuwa juu ya baiskeli, na mtu aliye juu ya baiskeli huona jiwe, haoni shamba lililo nyuma yake. Maharagwe yakikosa mvua za mwanzo, msimu umekwenda. Nilitakiwa kufuta rangi na kumwambia Maman Vestine apande, na siku hazikuwa nyingi.

Saa kumi na mbili asubuhi niliiacha lami nyuma ya mji. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na juu yake vichwa vya migomba tu vilionekana. Changarawe ilikuwa imeloa kidogo, nayo ikiloa kidogo ndipo inapokuwa nzuri: tairi haitelezi, vumbi halinyanyuki. Nilipanda taratibu kwa gia ndogo katikati ya mashamba ya chai. Wachumaji walikuwa wameshaingia kazini, vikapu mgongoni, na mmoja aliniuliza kwa mbali ninamkimbia nani mapema hivyo. Nilimjibu kwamba namkimbia Deo, naye akacheka bila kumjua.

Saa moja na nusu nilifika Giheke. Hapo ndipo mawe yangu yalipoanzia. Nililimwagia la kwanza petroli nikaanza kusugua. Mzee mmoja aliyekuwa akimchunga mbuzi wake kando ya njia alikuja akasimama, mikono nyuma.

"Njo weye ulipakalaka?"

"Njo miye, Mzee."

"Na njo weye unafuta?"

"Ndiyo."

"Iko kazi ya muzuri," alisema. "Haiwezi kukwisha."

Aliondoka na mbuzi wake akiwa ameridhika. Nililifuta jiwe likawa safi kuliko lilivyozaliwa, nikaenda kwa la pili. Sasa naona kosa langu la pili lilianzia hapo. Ningeweza kukanyaga moja kwa moja hadi kwa Maman Vestine, nikaongea naye, kisha nikafuta nikirudi. Lakini mimi ni fundi, na fundi huanza na nati ya kwanza. Nilifuta kwa mpangilio, jiwe baada ya jiwe, na kati ya jiwe na jiwe nilifurahia safari, sitaficha.

Saa tatu hadi saa tano ni kipande ambacho wageni wakikipita huacha kuongea. Njia inashuka kwenye kijito, unabeba baiskeli begani juu ya magogo mawili, kisha inapanda kwa kuzungukazunguka hadi mgongoni mwa kilima. Kwa saa mbili nzima sikukutana na gari hata moja. Nilikutana na wanawake wenye majembe, na mtu aliyesukuma baiskeli yenye mikungu mitano ya ndizi. Alinisalimia kwa kichwa tu kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Juu kabisa, upande wa kusini, uwanda wa Bugarama ulikuwa wazi na mpunga wake, na ng'ambo vilima vya Kongo juu ya Kamanyola. Mimi nimekulia Bukavu. Nikiviona vilima vile huwa nasimama kidogo, na siku hiyo nilisimama. Nilikula hata ndizi moja.

Saa sita kasorobo niliingia Gitambi. Mashamba yote yalikuwa meusi kwa udongo mpya, watu wameinama ndani yake. Shamba moja tu, linaloshuka pembeni ya jiwe langu la mwisho, lilikuwa na magugu. Juu yake palikuwa na nyumba ya matofali yenye uwanja uliofagiwa, na moshi unatoka jikoni.

Maman Vestine ni mwanamke mrefu, wa umri wa kuitwa bibi lakini haitwi. Alikulia Kamanyola, akarudi Rwanda akiwa na watoto wadogo. Aliona jasho langu kabla ya kuniona mimi. Nikafungua mdomo.

"Maman, nimekuya juu ya..."

"Kaa kwanza. Muntu anafika na njala, anaanza kusema? Mambo inangojaka. Kula."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na mgeni anayekisema kabla hajala anamwambia mwenyeji kwamba chakula chake si kitu. Nilinawa, nikakaa. Alileta maharagwe na ndizi za kupikwa. Maharagwe yenyewe yalikuwa ya rangi nyingi katika sufuria moja: meupe, meusi, ya madoadoa, na mengine ya manjano ambayo sijayaona sokoni Kamembe. Tangu alfajiri nilikuwa na ile ndizi moja tumboni. Nilimaliza sahani, akaongeza, nikamaliza tena. Nilimwambia sijala maharagwe matamu hivyo tangu kwa mama yangu Bukavu, na sikusema uongo.

Kisha nikanywa maji na kusema kilichonileta.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitazama, alitazama sufuria.

"Ile rangi njo yako?"

"Njo yangu, Maman. Hakuna barabara. Ni njia ya velo tu, ya kutembeza bageni. Shamba iko yako. Panda."

"Nipande nini, Papa?"

Sikuelewa mara moja. Akaingia ndani akatoka na kikapu chenye mfuniko, akakiweka miguuni pangu. Kilikuwa kitupu.

"Mama yangu alinipatia hii mbegu kule Kamanyola," alisema. "Niliivukisha mu hiki kikapu, mutoto mu mugongo. Kila mwaka napanda, navuna, narudisha ya mbegu. Sasa banakuya kukamata shamba. Nilisema, mbegu ya kuchunga bila shamba iko ya nini? Nikaanza kupika. Leo njo nimemaliza."

"Leo?"

"Asubui ilikuwa mu kikapu. Niliweka ku moto saa tatu."

Saa tatu nilikuwa nimebeba baiskeli juu ya magogo, nikijisifu. Nilihesabu kimoyomoyo mawe niliyokuwa nimeyasugua hadi saa hiyo, nikatamani ardhi inimeze. Nilisema pole, ikatoka ndogo.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikishika kikapu, akakigeuza juu ya mkeka na kukikung'uta, akaingiza kidole kati ya ukili na ukili. Nami nikasaidia kwa bisibisi ndogo ninayofungulia breki. Zilidondoka punje tisa: nne nyeupe, tatu nyeusi, mbili za madoadoa. Ya manjano hata moja. Alizipanda mwenyewe ukutani, mahali maji ya paa yanapodondokea, akaweka miti ya kuzipandisha. Hakuniruhusu kushika jembe.

Saa nane nililifuta jiwe la mwisho, mbele yake na mbele ya majirani aliowaita, maana alisema neno la mtu mmoja halitoshi kuondoa rangi. Ilibidi nirudie mara tatu kwamba hakuna barabara. Kisha nikarudi Kamembe kwa njia ileile. Mvua ilininyeshea kuanzia kijitoni, na changarawe ikawa matope. Sikusimama juu ya kilima.

Kesho yake nilirudi na mfuko wa mbegu kutoka sokoni, umefungwa nyuma ya kiti, na safari hii nilikanyaga bila kusimama popote. Saa tatu nilikuwa uwanjani kwake. Alifungua mfuko, akachota mkono mmoja. Zote nyekundu, zote sawasawa.

"Itaota," alisema. Majirani walikuja na majembe, na jioni shamba lilikuwa jeusi kama mengine.

Mbegu ya sokoni ilivunwa vizuri, nilikwenda kuona. Kati ya zile tisa za ukutani ziliota saba, na hakupika hata punje ya zilichozaa. Zimo kikapuni, chini kabisa, na bado hazifuniki chini yake.

Wageni naendelea kuwapitisha. Mawe hayana rangi tena. Kwenye njia panda tunasimama tunauliza aliye karibu, na wageni wanasema ndicho kipande wanachokipenda zaidi. Maman Vestine akituona hutoka mlangoni na kuita, "Mukuye mukule kwanza!" Wageni wanaanza kuvua kofia zao. Mimi nabaki nimesimama, mkono juu ya usukani, namwambia kwanza tumetoka wapi, tunakwenda wapi na tumeleta nini. Wanaokaa karibu wananiona sina adabu. Yeye ananiacha niseme hadi mwisho, ndipo anapakua.