Moyo wa Adela Ulipasuliwa Mara Mbili

Naikumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya wakimbizi, mwanangu, hapa hapa Kirushya, nikiwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja tu. Binti yetu Adela alitumwa kwa jirani kuchukua ungo, hakufika. Nilimkuta amechuchumaa kati ya migomba, anahema, midomo na kucha zimekuwa za buluu kama aliyekula zambarau. Majirani walisema ni jicho la mtu. Mimi nikamfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake, nikachekwa sana njiani, maana mwanamume habebi hivyo, nikafika naye kambi ya wakimbizi ya Lukole. Hospitali ya kambi ilikuwa ikitutibu hata sisi wenyeji.

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba Adela amezaliwa hivyo, hakuna aliyemroga: moyo una tundu katikati, na mshipa unaopeleka damu mapafuni ni mwembamba mno. Tiba yake ni kupasuliwa, tena mara mbili. Kwanza wangemtengenezea njia ndogo ya damu apate nguvu. Akikua kidogo, wazibe tundu na kupanua mshipa wenyewe. Ndege ya misaada ikatupeleka Nairobi.

Baada ya upasuaji wa kwanza, Adela alirudi anakimbia. Tulichinja jogoo. Basi hapo ndipo mtihani ulipoanza, kwani aliyepata nafuu ni mgumu kumrudisha hospitali. Baada ya miaka michache tulipoitwa tena, ukoo ulikaa. Baba yangu akasema mtoto anakula, anacheza, ya nini kumpeleka akachanwe kifua tena? Mke wangu alilia. Nami niliogopa, maana daktari hakunificha kwamba wako watoto wasioamka.

Alikuwapo Bibi Karorina, mama wa Kirundi kutoka kambini, aliyekuja kutusaidia kupura maharage. Wanawe wote aliwazika njiani wakikimbia vita. Hakuwa msemaji. Siku hiyo aliweka ungo chini, akamgeukia baba.

"Mzee wangu, wanangu walipokufa hakuna aliyeniuliza kitu. Wewe unaulizwa, nawe unataka kukataa?"

Baba akaniambia, bila kuniangalia, "Mpeleke. Mimi nitamshika mkono mama yake."

Tukaenda Nairobi tena. Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi, rozari mkononi, nikisahau nimefika sala ya ngapi. Daktari alipotoka aliniambia mashine iliyokuwa ikimsukumia damu imeondolewa na moyo unapiga wenyewe. Waliponiruhusu kumwona, nilitazama kucha kwanza. Zilikuwa na rangi kama za mtoto yeyote.

Leo Adela ni mwalimu kule Mbuba, mama wa watoto wawili, na hadi sasa hakosi kwenda kupimwa.

Mwanangu, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukiona mtoto anachuchumaa mchezoni na kubadilika rangi, usipoteze siku kumtafuta mchawi. Mpeleke kwa daktari. Ukiambiwa tiba ina hatua mbili, nafuu ya hatua ya kwanza isikulaze. Kuogopa utaogopa, kila mzazi huogopa, lakini ogopa huku unatembea.

Mungu awajalie wanao pumzi ya kukukimbia ukiwaita waje kuoga, nawe akujalie miguu isiyokata tamaa ya kuwafuata.