Niliyemwamsha Hakuwa Mjukuu Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni kama mnataka. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini macho ninayo. Niliyoyaona hapa kwangu Kianjai niliyaona mchana, saa tisa, jua likiwaka. Sikuota.

Mjukuu wangu Mutuma alikuwa mtu wa miraa. Si kutafuna kidogo kama wazee. Alitafuna asubuhi mpaka asubuhi, hali chakula, halali usingizi, mpaka mke wake akabeba mtoto akarudi kwao Embu. Alisema harudi kama huyo mtu hajaacha.

Ndipo binti yangu akaleta mama mmoja wa mjini, anayeachisha watu tabia kwa kuwalaza na maneno. Hipnotherapi, ndivyo wanavyoiita. Hakuwa na hirizi. Alikuja na mkoba tu, na akaomba Mungu kabla ya kuanza. Nikamkubali.

Mutuma akacheka. "Shosho, hata mbuzi wako anatafuna siku nzima. Yeye mbona halazwi?"

"Mbuzi hajafukuza mke. Keti."

Yule mama akamwambia atazame msumari ukutani. Akaongea polepole, kope ni nzito, mikono ni mizito, mpaka kichwa cha kijana kikaanguka kifuani. Akamwambia miraa itakuwa chungu mdomoni kama dawa ya kupe. Kisha akanigeukia.

"Mwamshe wewe, shosho. Mwite vile unamwitaga."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Huyu amebeba jina la marehemu mume wangu, na tangu azaliwe mimi humwita mzee wangu.

"Mzee wangu," nikasema, "amka."

Macho yakafunguka. Niaminini, hayakuwa ya mtoto niliyemlea. Akanitazama sana, akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya marehemu kabisa, "Mbona ulinizika na viatu vya kubana?"

Nani alimwambia? Vile viatu nilinunua mwenyewe Meru mjini, vikawa vidogo, nikavisukuma miguuni mwake tukiwa wawili tu, mimi na maiti. Sikumwambia mtu, hata kasisi.

Yule mama akanishika mkono. "Huyu si niliyemlaza. Mwite yule mwingine, haraka!"

Nimwite nani? Mutuma ni jina lao wote wawili. Nikakumbuka jina la ubatizo la kijana, Kelvin, ambalo sikuwa nimelitamka hata siku moja. Nikaita. Akaendelea kunitazama. Nikaita tena.

"Kendi," akasema, "unanifukuza?"

Kendi ni jina langu la usichana. Aliyeniita hivyo ni mmoja tu, na nilimzika. Nililia. Lakini nikaita mara ya tatu, kwa nguvu, na kichwa kikaanguka. Kilipoinuka, kijana aliomba chai.

Miraa hajaigusa mpaka leo. Mke amerudi. Lakini Mutuma hawezi kuvaa kiatu cha kufunika mguu, vidole vinamuuma. Kanisani anaenda na sandali. Daktari alimkagua, hakuona kitu. Na mimi vile viatu siwezi kuvitoa kaburini.

Ukitaka kulazwa ndio uache tabia yako, sikukatazi. Lakini ujue kwanza ni nani atakuamsha, na atakuita nani.

Jioni ya siku ile niliwaita wote jikoni, wakubwa kwa watoto, nikawaambia: katika boma hili mtu akilala asiamshwe kwa jina. Mguse bega, ungoje.