Sombe ya Matangani

Geneviève, muuza vitenge wa Bwera, alishinda ameketi kibandani mpaka damu ikamgandia mguuni. Daktari wa Kasese alimweleza kwamba utando laini ndani ya mishipa huzuia damu isigande, lakini damu isipotembea, utando huo husahau kazi yake. Akampa dawa, akamwonya kwamba kula majani mengi ya muhogo kwa ghafla huiondolea nguvu. Akatii.

Kisha mama mkwe akafariki huko Kyondo, ng'ambo ya mpaka. Matangani ikapikwa sombe, majani yaleyale, na mawifi wakaikodolea macho sahani yake, waone kama atakidharau chakula cha msiba. Akaimaliza. Akaongezwa, akamaliza tena.

Mguu ukavimba upya.

“Mama, si nilikukataza?” daktari akafoka.

“Dokta, wewe iko mumoja. Mawifi beko wengi, na ni wao watanizika.”