Mama Saruji na nyonga isiyo na saruji

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mfupi aliyevaa barakoa anakoroga unga mweupe na dawa ya maji ndani ya bakuli. Harufu inapanda, kali kama ya rangi ya kucha. Daktari bingwa wa mifupa ananyoosha mkono bila kumtazama.

"Bado," mwanamke anasema.

Daktari anarudisha mkono. Katika chumba hiki cha upasuaji, kwa dakika hizi chache, mwenye usemi ni huyu muuguzi. Anabonyeza donge kwa kidole, anaona halinati tena kwenye glavu, ndipo analitoa. Litaingia katika mfupa wa paja la dereva mstaafu, likishike chuma cha nyonga yake mpya.

Hiyo ni saruji ya mifupa, na wenzake wanamwita Mama Saruji. Jina lake la kwenye cheti analijua mhasibu tu.

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na minane, na anaipenda waziwazi. Ndiyo maana nyonga yake mwenyewe ya kulia ilipochakaa, hapakuwa na mjadala. Iliwekwa kwa saruji, na kesho yake akasimama. Aliringa nayo miaka kumi na mmoja.

Mwaka juzi paja likaanza kumuuma kila alipoinuka kitini. Picha ikaonyesha kwamba saruji imeachia na chuma kinacheza ndani ya mfupa. Ilibidi kitolewe, kiwekwe kingine.

Hapo ndipo yeye na daktari walipopishana. Daktari alimweleza, kwa upole wa mtu anayemwogopa kidogo, kwamba saruji ya zamani ikitoka huacha mfupa laini kwa ndani kama sufuria iliyosuguliwa, na saruji mpya haipati pa kushika. Alipendekeza chuma kirefu chenye ngozi ya kukwaruza, kinachogongwa mpaka kibane, kisha mfupa wenyewe uote na kukishika. Ila kinataka subira: wiki sita za magongo bila kuukanyagia mguu, na miezi kadhaa nje ya kazi.

Mama Saruji alikuja juu. Miaka yote alikuwa akiwasikia wagonjwa wakiambiwa maneno hayohayo, naye akiitikia kwa kichwa. Yalipomfikia yeye, yakawa matusi.

"Nilijua nikikaa nje miezi yote hiyo, basi tena. Kazi yetu ni ya kusimama. Wangenitafutia kiti mapokezi nigawe kadi," anasema. "Halafu, nisikufiche, niliona kama ananiambia saruji yangu haina maana."

Mumewe, fundi saa asiye na maneno mengi, alimuuliza swali moja tu walipokuwa mezani: kama angekuwa mgonjwa mwingine, angemshauri nini? Alinuniwa siku mbili.

Mwishowe alikubali kwa shingo upande. Vifaa vya njia zote mbili vingeandaliwa, na daktari angekata shauri akishauona mfupa. Naye akatoa sharti lake: achomwe sindano ya mgongo, abaki macho.

Basi akalazwa pale, pazia kifuani, akisikiliza patasi zikibandua saruji ya zamani vipande vipande. Kisha kukawa kimya. Akavuta pumzi, akasubiri harufu.

Haikuja.

"Nilinusa mpaka daktari wa usingizi akaniuliza kama nina mafua," anacheka. "Mara nikasikia nyundo."

Ilianza kwa mlio mzito, butu. Alikuwa ameisikia miaka yote bila kuisikiliza, maana akili yake ilikuwa kwenye bakuli. Siku hiyo hakuwa na bakuli. Pigo baada ya pigo mlio ukapanda, ukawa mkavu, halafu ukabaki palepale. Chuma kilikuwa kimeshika. Machozi yakamtoka, na anasema hayakuwa ya uchungu.

Magongo yalimchosha, na mumewe, ambaye ghafla alipata maneno, alimkemea kila alipojaribu kuiba hatua. Lakini picha za baadaye zilionyesha mfupa umekikumbatia chuma, na mwezi wa sita tangu upasuaji akarudi kazini. Kiti cha mapokezi kilikwenda kwa mwingine.

Saruji hajaiacha. Dereva wa leo anawekewa nyonga kwa mara ya kwanza na mifupa yake imedhoofika kwa uzee, kwa hiyo inamfaa.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu," anasema akivua glavu. "Nataka nitoke kwa mlango ule kwa miguu yangu. Na hawa wauguzi wapya niwe nimewaachia mlio, maana harufu wanaijua."

Mgonjwa anayefuata anabadilishiwa nyonga iliyolegea. Daktari ameshauona mfupa, ameshaamua. Mama Saruji analifunika bakuli likiwa kavu na kuwaita wauguzi wapya wasogee.

"Leo hatukorogi," anawaambia. "Sikilizeni."