Kola za Alasiri

Kwa miaka ishirini na tisa Mama Kola hakupitwa na swala ya alasiri akiwa kazini, ukiondoa zile siku ambazo mwanamke amesamehewa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo kazini kwake hapakuwa na mahali pa kuswalia. Sasa amestaafu. Ana chumba chake nyumbani kwa mwanawe, ana mswala mnene alioletewa zawadi, ana simu inayoadhini yenyewe bila kuamshwa, na alasiri inampita. Jambo hilo lilimla moyo, na hakumwambia mtu.

Jina la Kola alilipatia kiwandani. Kilikuwa kiwanda cha mashati, ukumbi mrefu wenye paa la bati na cherehani za umeme zilizopangwa mistari minne. Shati lilipita mkono hadi mkono: huyu anaunga mabega, yule anashona mikono, huyu kola, yule vifungo. Yeye alikuwa kola. Shati lilimfikia halina shingo, likaondoka na heshima zake. Ubaya wa kazi ya mstari ni kwamba ukiinuka tu, mashati yanarundikana mbele yako, anayekufuata anabaki mikono mitupu, na msimamizi anajua papo hapo nani hayupo. Na msimamizi wao alikuwa na macho ya mwewe na viatu visivyotoa sauti.

Adhuhuri haikuwa na taabu, iliangukia mapumziko ya chakula. Alasiri ndiyo iliyokuwa mtihani. Iliingia katikati ya kazi, na ukisubiri kengele ya kutoka, kisha foleni ya kukaguliwa mikoba getini, kisha safari ya nyumbani, unafika jua limeshazama. Basi miezi ya mwanzo Mama Kola aliinuka tu, akatukanwa, akarudi, akameza. Siku moja aliporudi mbio, uso bado unadondoka maji, alikuta rundo lake halijaongezeka hata shati moja. Mwanamke wa cherehani ya ubavuni, mshona mikono, mrefu, mwenye kucheka kwa pua, alikuwa amepachika kola nane zisizo zake, na mikono yake mwenyewe hajaiacha nyuma.

Mama Kola alizigeuza geuza. "Kola zenyewe zimekwenda upande," akasema.

"Nenda ukanishtaki," yule akajibu bila kuinua macho.

Hawakuwekeana ahadi yoyote. Mshona mikono alikuwa Mkristo, mwanakwaya, rakaa hakuijua ni mnyama gani. Alichojua ni kwamba mwanga wa dirisha la juu ukifika kwenye miguu ya meza ya kupigia pasi, jirani yake anaanza kutapatapa kama aliyekalia siafu. Mwanga ukifika hapo, alilivuta rundo la mwenzake, akasema, "Haya, nenda." Miaka ikaenda. Kola zake zikanyooka, hata mkaguzi wa mwisho akawa hawezi kuzitenganisha na za mwenyewe. Mama Kola naye akajifunza mikono, kwa sababu Jumapili wakiitwa kazi ya ziada, mwanakwaya alifika amechelewa na wimbo bado uko mdomoni.

Pa kuswalia palikuwa nyuma ya majora ya kitambaa, kati ya jora la bluu na ukuta, nafasi ya mtu mmoja na nusu. Alitawadha kwa maji ya chupa, akatandika kipande cha kitambaa cha marekani alichopewa na fundi wa kukata. Pale palinuka wanga wa nguo mpya na mafuta ya mashine. Akisujudu, paji la uso lilisikia sakafu ikitetemeka kwa cherehani mia zinazokimbia, na katika zile mia aliitambua moja. Dakika sita, amemaliza. Waliosema haraka haraka haina baraka hawajawahi kuswali nyuma ya majora. Hapo alimwogopa Mungu, akampenda, akawaombea watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, na akarudi kwenye kiti chake amejaa. Mpaka leo akipita duka la vitambaa husimama mlangoni kidogo, anavuta ile harufu, na muuza duka anadhani ni mteja.

Miaka mitatu ya mwisho kiwanda kilihamia jengo jipya lenye chumba cha ibada, zulia la kijani na kadi ya kugusisha mlangoni. Dakika kumi, kwa sheria. Mama Kola alishukuru, kwani anayekufuru neema hana adabu. Hakukuwa tena na haja ya kushikiwa kola, lakini ikifika saa kumi mshona mikono alisema vilevile, "Haya, nenda." Kisha wakastaafu wote wawili, mwezi mmoja, wakalia getini kama watoto.

Na nyumbani ndiko mambo yalikoharibika. Simu iliadhini saa kumi, tamthilia ya televisheni nayo ilianza saa kumi. Mama Kola akaibonyeza simu inyamaze kidogo. Nani anamfukuza? Methali zina ubaya huu, kila mvivu ana yake: yeye alijipa "kawia ufike," akaisahau "ngojangoja huumiza matumbo." Alasiri ikasogea mpaka jua la manjano. Halafu ikawa inalipwa pamoja na magharibi. Halafu siku moja, akijiandaa kwa isha, akakumbuka kwamba hakuiswali kabisa, na wala moyo haukumshtuka. Huko kutoshtuka ndiko kulikomtisha. Aliketi ukingoni mwa kitanda akajiuliza kama alichokuwa nacho miaka yote ile kilikuwa imani au yalikuwa mazoea ya kumkwepa msimamizi tu.

Angemwambia nani? Mwanawe angehuzunika. Mkwewe, binti mwema, angemwekea programu nyingine kwenye simu. Siku ya tatu alinunua sukari na majani ya chai, akaenda kumtembelea mshona mikono.

Alimkuta katika chumba chake kimoja cha uani, kwenye cherehani ya miguu, anashona sare za shule. Walisalimiana kwa kelele, wakanywa chai, wakamsengenya msimamizi na viatu vyake mpaka machozi ya kicheko yakawatoka. Mama Kola alijisikia mwepesi kama zamani. Kisha mwenzake akatazama mlangoni, kivuli kilipofika, akasema, "Wakati wako huo."

"Bado mapema."

"Mapema ya nani? Mimi nakijua kivuli hicho kuliko ninavyojijua mwenyewe."

"Nitaswali nikifika nyumbani."

"Nyumbani kwako ni mwendo wa saa moja na nusu. Una nini wewe?"

Mama Kola alikizungusha kikombe kitupu mkononi. "Zinanipita, shoga. Mswala ninao, nafasi ninayo, hakuna anayenifukuza, na zinanipita. Naangalia televisheni mpaka wakati unakwisha. Sijui nimekuwaje."

Alitarajia kupozwa. Alitarajia kuambiwa ni uzee, ni uchovu, Mungu ni mwingi wa rehema. Mshona mikono aliondoa miguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza.

"Unakumbuka mwaka ule walitaka kunipa usimamizi?"

"Nakumbuka. Ulikataa. Ulisema hupendi kelele."

"Na wewe ukaamini. Mtu anakaa katikati ya cherehani mia, halafu hapendi kelele."

"Sasa ulikataa kwa nini?"

"Msimamizi hashoni. Anazunguka. Kola zako angezishika nani?"

Mama Kola alikiweka kikombe chini. Alimkumbuka aliyepewa nafasi ile baada ya mwenzake kuikataa: alijenga nyumba ya vyumba vinne, akasomesha watoto mpaka chuo kikuu. Akatazama alipo. Kitanda kimoja, pazia, ndoo, rundo la sare za watoto wa watu, na mwanamke wa miaka sitini na tatu anayesukuma pedali kwa magoti mabovu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kwenda."

"Ningeacha. Wallahi ningeacha, ukachukue cheo chako."

"Ndiyo maana nilinyamaza." Mshona mikono alikuwa anakunja sare iliyokwisha kukunjwa. "Mimi Kiarabu sikijui. Unachosema ukiwa chini pale sikijui. Lakini saa kumi ile niliiona ni yetu. Nilikuwa naona na mimi nimo, kwamba Mungu akikutazama wewe kule nyuma, na mimi ananiona nilipokaa. Ndicho kitu kikubwa nilichowahi kufanya, mwenzangu, sina kingine. Leo unakuja kuniambia umekibadilisha na televisheni."

Alikuwa amekasirika kweli. Katika miaka yote ile Mama Kola hakuwahi kumsikia hivyo. Alitaka kumshika mkono, akaona huo si wakati wake.

"Maji yako wapi?" akauliza.

"Nje, kwenye ndoo ya bluu. Na shuka safi iko juu ya sanduku."

Alitawadha polepole pale uani, maji ya baridi yakimshukia viwikoni. Aliporudi akauliza kibla kiko upande gani. "Mimi ndiye wa kuulizwa kibla?" mwenzake akasema, na kidogo, kwa pua, akacheka. Mama Kola akalitazama jua, akajipimia mwenyewe, akatandika shuka kati ya kitanda na cherehani.

Alipoinua mikono kwa takbira alisubiri kusikia pedali, kwa mazoea. Haikusikika. Hakukuwa na kola ya kushikiwa, wala rundo la kuficha. Mshona mikono alikuwa ameketi tu nyuma yake, mikono mapajani, anamngoja.